Pedali ya Kushoto

Anayetaka kucheka na acheke mapema, maana hadithi hii inaanza na suruali.

Jua lilikuwa linazama. Spoki akafunga karakana yake ya baiskeli, akavuka uchochoro kwenda kwa fundi cherehani kuchukua suruali mpya. Spoki ndilo jina alilopewa na mtaa, kwa wembamba wake na kwa kazi yake, na hata mkewe alishasahau kumwita jina lingine. Ilikuwa shughuli ya dakika tano. Unavaa, unajitazama kwenye kioo, unatoa malalamiko mawili matatu kama mteja yeyote mwenye akili zake, unaenda zako.

Akavaa nyuma ya pazia. Akatoka.

Mguu wa kulia wa suruali ulimkaa vizuri. Wa kushoto uliburuzika sakafuni.

"Wewe mzee," Spoki akasema, "siku hizi unashona umelala? Tazama hapa. Mguu mmoja wangu, huu mwingine wa nani?"

Fundi cherehani akavua miwani kwa uchungu. "Mimi nimewashonea mabwana harusi, nimewashonea mahakimu, nimewashonea hadi maiti. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika."

"Maiti angerudije?"

"Ndiyo maana nawapenda."

Wakacheka. Suruali ikavuliwa, ikalazwa mezani, mguu juu ya mguu. Ikatokea sawasawa, pindo kwa pindo. Fundi cherehani akacheka tena, safari hii peke yake, halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

"Hebu simama hapa. Vua viatu. Usiegemee."

Akampima kutoka nyonga mpaka kisigino. Kulia. Kushoto. Akarudia kulia. Akarudia kushoto.

Akavaa miwani yake tena.

"Umeanguka siku hizi?"

"Sijaanguka."

"Nyonga haiumi?"

"Haiumi. Kwani vipi?"

Fundi cherehani akafungua daftari lake la vipimo, akaliweka chini ya taa. "Nilikupima mwenyewe, siku kumi na mbili zilizopita. Soma. Miguu yote sawa." Akaweka kidole chake cha shahada juu ya utepe, akakilaza. "Spoki... mguu wako wa kushoto umepungua upana wa kidole kimoja."

Spoki akafanya kama anacheka. Lakini jasho lilikuwa limeshamtoka, maana alijua ni mguu wa nani uliokuwa unatafutwa, na alijua kwa nini unatafutwa kwake.

"Nikate upande mmoja?" fundi cherehani akauliza kwa upole.

"Usikate!" Spoki akafoka. Akaikwapua suruali akatoka bila kuaga.

Sasa ili mwelewe kwa nini mtu mzima anatokwa na jasho kwa ajili ya kidole kimoja, lazima niwaambie ugonjwa wake. Ugonjwa wa Spoki ulikuwa baiskeli za zamani za mbio. Na si zile zenye majina makubwa, ambazo kila mjinga anazijua na kila mjinga anazitaka. Hizo alizidharau. Yeye alipenda zile za mafundi waliosahaulika. Mtu mmoja, nyuma ya nyumba yake, na tupa yake na moto wake, anaunda fremu thelathini maisha yake yote, halafu anakufa, na jina lake linabaki kwenye bomba moja la chuma lililotupwa stoo chini ya magunia. Spoki aliweza kuchuchumaa nusu saa nzima mbele ya kiungio kimoja, pale bomba linapokutana na bomba, akipapasa kwa ukucha jinsi fundi alivyokipunguza chuma kwa tupa mpaka kikawa chembamba kama ganda la kitunguu. "Huyu hakuwa na haraka," angesema, na machozi yangemlengalenga. Mkewe alikuwa na lake la kusema: "Ningezaliwa na magurudumu, ningetazamwa."

Basi siku moja mkunga mstaafu wa mtaa wa pili akamletea baiskeli ya marehemu mumewe.

Marehemu alikuwa fundi saa. Mguu wake wa kushoto ulipooza utotoni, ukabaki mfupi kuliko mwenzake kwa vidole vitatu. Na bado alikuwa mtu wa mashindano, na wazima wa miguu walizoea kumwona mgongo. Baiskeli yake iliundwa na fundi ambaye hata wapenzi wa baiskeli hawamjui. Spoki aliwahi kuliona jina lile mara moja tu, katika mstari mmoja wa gazeti la zamani lililosema kwamba fundi huyo aliunda baiskeli chache mno, kila moja kwa kipimo cha mtu mmoja. Na kweli. Pedali ya kushoto ilikuwa imeinuliwa kwa kipande cha shaba, unene wa vidole vitatu, kimechongwa vizuri hata usijue kama ni dawa ya kilema au ni pambo.

"Mwanangu fundi," mkunga akasema, "binti yangu anataka kuiendesha siku ya kumbukumbu ya baba yake. Isafishe, uipake kijani chake kilekile. Na hiyo pedali ibadilishe, binti miguu yake sawa."

"Usiwe na shaka, mama."

Lakini usiku ule Spoki hakulala. Alimwona yule binti akiifunga baiskeli kwa mnyororo nje ya duka. Aliiona inanyeshewa. Aliiona chapa ya fundi, mkono mdogo ulioshika tupa, ikiliwa na kutu, na hakuna hata mmoja anayejua kilichopotea.

Karakanani kulikuwa na fremu nyingine, ya kiwandani, ya kimo kilekile. Akaipaka kijani. Akaihamishia kiti cha marehemu, usukani wa marehemu, hata kengele ya marehemu. Ile ya kweli akaifunga magurudumu mengine ya kizamani, akaitundika kwenye chumba cha ndani, akaifunika shuka. Hakuwa na nia ya kuiuza, na hapo ndipo alipojidanganya. Mwizi ni yule anayeuza, alijiambia. Mimi natunza.

Ingeishia hapo, pengine tungemsema tukamsamehe.

Ila fremu ile ya kiwandani uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, uliwahi kupinda, na Spoki aliunyoosha kwa moto. Kila fundi anajua kwamba uma ulionyooshwa haupewi mtu. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umeshachoka. Spoki alijua! Lakini kumbukumbu ilikuwa kesho yake, na uma mwingine wa kutosha pale ulikuwa mmoja tu, ule wa baiskeli ya kweli. Akaenda akaufunua. Akautazama mpindo wake. Akaona atakuwa anaharibu kitu kizuri.

"Aah," akasema, "binti ataendesha polepole."

Binti hakuendesha polepole. Damu ya mashindano haiendi polepole. Kwenye mteremko wa tangi la maji, uma ukakatika, na mfupa wa paja la kushoto ukavunjika mahali patatu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alikuwa msikivu kwa kila mtu, na guu likavunjika lake kwa kosa la mwingine. Mtaa ukasema ni ajali. Mkunga akasema ni ajali. Spoki naye akasema, "Jamani, ajali haina kinga," na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Siku tisa baada ya hapo ndipo akaenda kuchukua suruali.

Alipotoka kwa fundi cherehani alinyoosha moja kwa moja chumba cha ndani. Hakuwasha taa. Bado kulikuwa na mwanga wa magharibi dirishani.

Tik... tik... tik...

Chini ya shuka, gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka. Polepole. Kama mtu ametoka kuliachia sasa hivi.

Dirisha limefungwa. Upepo hakuna.

Na kulikuwa na harufu. Mafuta mepesi ya saa, na sabuni ya kunyolea.

Spoki akalishika gurudumu. Likasimama. Mara mkewe akagonga ukuta kutoka upande wa jikoni, kwenye nyumba yao iliyopakana na karakana.

"Una mgeni huko?"

"Sina."

"Mbona namsikia anahesabu?"

"Anahesabu... anahesabu nini?"

"Sijui. Anasema moja. Akinyamaza kidogo, anasema tena moja. Moja tu. Mwambie basi aendelee, ananikera."

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Spoki akaenda hospitali na matunda kwenye mfuko. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Mama, nimekuja kusema jambo. Mama, ile baiskeli siyo ile. Mama, uma niliujua.

Binti alikuwa amelala, mguu wake umening'inizwa kwa kamba na mawe ya kuvutia mfupa. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko Spoki alivyoukumbuka. Mkunga alikuwa ameketi kando, anakunja kanga.

"Karibu, mwanangu. Wewe tu ndiye unayekuja bila kuitwa. Mungu akulipe."

Spoki akayaweka matunda chini. Maneno yote aliyoyapanga yakatawanyika.

"Madaktari wanasemaje?"

"Walisema mfupa utaunga, lakini mguu utabaki mfupi. Kiasi hiki." Mkunga akalaza vidole vitatu juu ya shuka. Vidole ndiyo rula ya mkunga. "Nikasema haya, ni mguu wa baba yake. Lakini leo asubuhi wamepima upya." Akakikunja kidole kimoja. "Wanasema ni viwili. Eti mwanzo walikosea kupima."

Spoki akashika ukingo wa kitanda.

"Na wewe mbona unachechemea?" mkunga akamuuliza.

"Kiatu, mama. Kinanibana."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hakukuwa na mtu mwingine wodini ila wagonjwa wawili wanaokoroma. Mkunga alikuwa anamtazama usoni, mikono yake imetulia juu ya kanga, wala hakuwa na haraka. Spoki akafungua mdomo.

"Mungu atasaidia," akasema. Akaondoka.

Njiani akajitukana matusi yote aliyoyajua. Halafu, karibu na nyumbani, likamjia wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya kuliko wizi. Kilichopungua kwake kimeongezeka kwa binti. Kidole kwa kidole. Basi kama jambo linajimaliza lenyewe, ya nini kusema? Vidole vitatu tu. Atavitoa. Binti atapona, mama atafurahi, baiskeli itabaki ndani, na hakuna atakayejua. Ataweka soli nene kwenye kiatu cha kushoto. Akaona hata ni uungwana.

Wiki zikapita.

Jioni moja alikuwa chumba cha ndani, ameketi kwenye kigoda, anaisugua ile shaba ya pedali kwa kitambaa. Mwanga dirishani ulikuwa unafifia. Harufu ya mafuta ya saa ikaja kwanza. Akajifanya haisikii. Akaendelea kusugua.

Kitu kikamgusa goti.

Vidole. Baridi. Viwili. Vikalala juu ya goti lake la kushoto, kimoja kando ya kingine, taratibu, namna fundi anavyopima.

Spoki hakupumua.

Karibu na sikio lake, mtu akanong'ona: "Mbili."

Hapakuwa na maumivu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba hapakuwa na maumivu hata kidogo. Alisikia tu ndani ya mfupa kitu kikisogea, kidogo sana, tik, na goti lake likashuka.

"Huyo mgeni wako," mkewe akasema ukutani, "leo kajifunza mbili."

Mkewe hakuwa mjinga. Usiku ule alimkalisha kitandani, akamshika miguu yote miwili, akaiweka sambamba mapajani mwake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umefanya nini?" akanong'ona.

"Sijafanya kitu."

"Mume wangu. Mimi siulizi umefanyiwa nini. Nauliza umefanya nini."

Spoki akageukia ukutani. Alitamani kumwambia, na aliona haya, na haya ikashinda.

Jioni ya tatu baada ya hapo hakumngoja mgeni karakanani. Alikwenda kukaa barazani na majirani, katikati ya watu na soga. Haikusaidia kitu. Katikati ya kicheko cha watu wote, vidole vitatu baridi vikalala juu ya goti lake, na hakuna mwingine aliyeviona. Siku mbili baadaye habari zikaenea mtaani kwamba binti wa mkunga ametoka hospitali, anatembea kwa magongo, na miguu yake iko sawasawa, madaktari wamebaki midomo wazi. Fundi cherehani alileta habari hizo mwenyewe, akamtazama Spoki chini, akamtazama juu, akaenda zake.

Spoki alilia siku ile, na sehemu ya machozi ilikuwa ya furaha. Imekwisha, alisema. Vitatu vimetimia. Nimemaliza.

Na sasa nitawaambia jambo alilolionea haya kuliko yote.

Alfajiri iliyofuata, kabla watu hawajaamka, aliishusha ile baiskeli kutoka kwenye ndoano. Hakuwahi kuipanda sawasawa. Kila alipojaribu, ile pedali ya shaba ilimsukumia goti la kushoto kifuani. Safari hii akapanda... na ikamkaa. Jamani, ilimkaa! Kila kitu kilikuwa pale mwili wake ulipotaka kiwe. Yule fundi asiyejulikana, aliyekufa zamani, alikuwa amempima yeye. Barabarani hakuchechemea. Chuma kiliimba chini yake. Akapandisha mpaka kwenye tangi la maji, akageuza, akajiachia mteremko wote, upepo usoni, na mtu mzima yule akacheka kwa sauti.

Magharibi ya siku hiyo mkewe hakugonga ukuta. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Amesema nne," akasema.

Spoki hakuelewa.

"Yule mtu. Amesema nne. Na anacheka."

Akatazama mguu wake. Hakuhitaji utepe.

Kesho yake jua lilipoanza kulala, akaichukua baiskeli, hakuipanda, akaikokota kupitia mtaa mzima huku akiburuza mguu, na watu wanamtazama, naye hakujali. Mkunga akafungua mlango. Akaitazama baiskeli. Akaipapasa kiungio cha mbele kwa kidole gumba, palepale ambapo Spoki alizoea kupapasa.

"Mama," Spoki akasema. "Hii ndiyo yenu. Ile niliyowapa haikuwa yenu. Na uma wake niliujua."

Mkunga hakuuondoa mkono kwenye chuma.

"Marehemu aliniambia," akasema mwishowe, "kumbukumbu ikipita nimpe atakayeipenda. Nilikuwa nikupe wewe, mwanangu. Kesho yake tu baada ya kumbukumbu. Ilikuwa yako."

Spoki akapiga magoti pale kizingitini. Afadhali angepigwa.

"Mama, umenifanyia nini? Nisamehe. Fungua ulichofunga."

"Mimi?" Mkunga akashangaa kweli. "Mimi miaka thelathini nimepokea watoto. Kazi nyingine siijui. Inuka. Aliyevunjika si mimi, nenda ukamwambie mwenyewe."

Binti alikuwa sebuleni, kwenye kiti kando ya dirisha, magongo yameegemezwa ukutani. Hakuwasha taa. Spoki akasimama mbele yake akasema yote, bila kupunguza: fremu, rangi, kengele, uma, jinsi alivyoutazama ule mzima akauonea huruma, na jinsi alivyonyamaza wodini.

Binti hakushangaa.

"Baba alikuwa anakuja kila magharibi," akasema taratibu. "Tangu hospitali. Anakaa kitandani pangu. Alisema nitulie, mguu unatafutwa. Alitaka kukuchukulia wote, fundi. Mimi ndiye niliyemwambia vitatu vinatosha."

Spoki alishindwa kumtazama.

"Na kila akija ananiuliza, ameshasema? Namwambia bado, baba, mpe muda, ni mtu mzuri, alikuja kuniona na matunda. Siku zote hizo nakuombea."

"Na jana?"

"Jana alfajiri nilikuwa hapa dirishani. Hapa unauona mteremko wote." Akageuza uso kwenye kioo. "Nikakuona uko juu ya baiskeli ya baba. Ulikuwa unacheka."

Nje kulikuwa kunaingia giza.

"Jioni alipokuja akaniuliza," binti akasema, "sikumjibu."

"Nimeshasema sasa," Spoki akanong'ona. "Umenisikia. Akija leo mwambie nimesema. Nakuomba, dada yangu, mwambie."

Binti akasikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha. Nyumba nzima ilikuwa kimya.

"Nitamwambia," akasema. "Lakini magharibi imepita, na leo hajaja hapa."

Mkunga akamsindikiza hadi mlangoni, akampa gongo moja la binti yake. Baiskeli hawakumrudishia, naye hakuiomba. Akaingia uchochoroni peke yake. Hakufika mbali, akasikia hatua nyuma yake. Marehemu, maisha yake yote, alikuwa anachechemea. Hatua hizi zilikuwa sawasawa, kushoto na kulia, za mtu mwenye miguu miwili mizima. Spoki hakugeuka. Akaanza kusema kwa sauti, "Niliiba. Uma niliujua. Nilinyamaza." Alipokuwa anasema, hatua zilisimama. Alipovuta pumzi, zilianza. Basi akasema njia nzima, kwa sauti kubwa, na watu wakafungua milango wakamtazama, mpaka akafika kwa mkewe, akamwambia na yeye.

Tangu hapo, jua likianza kuzama, Spoki humtafuta mtu wa kumsimulia. Yeyote. Mteja, jirani, mpita njia. Mimi nimemsikiliza mara nyingi, maana karakana yake iko njiani kwangu, na ananitia huruma. Siku za mwanzo alikuwa akimaliza anachukua gongo lake, ananisindikiza mpaka kona. Jana alinisimulia akiwa ameketi nyuma ya meza. Nilipoaga hakuinuka, na mimi sikuthubutu kutazama chini ya meza.